Kwenye Filamu, Unalipwa wa Ngapi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Hapa Arusha filamu ya kimataifa tunaijua. Wazee wetu waliiona "Hatari!" ikirekodiwa kule Momella, John Wayne akifukuza vifaru, ikatoka 1962. Mtaji ulikuwa wa Paramount, studio ya Hollywood, mapato yakaenda Marekani. (Hardy Krüger, aliyeigiza naye, alipapenda hadi akanunua shamba hukohuko, lakini hayo tuyaache.)

Leo nazungumza na ninyi wenye akiba, mnaofuatwa na mifuko binafsi inayogharamia filamu. Mkiletewa andiko, mnauliza hadithi inahusu nini na nani anaigiza. Mimi ningeuliza kwanza: nalipwa wa ngapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Filamu inagharimu dola milioni 2. Marejesho ya kodi ya nchi inakorekodiwa yanaleta 200,000. Benki inakopesha 800,000 kwa kushikilia mikataba ya mauzo ya awali, yaani wasambazaji walioinunua kabla haijatengenezwa. Milioni 1 iliyobaki ni yenu, mfuko.

Filamu inauzwa, inaingiza milioni 1.5. Mtayarishaji anashangilia, magazeti yanaandika. Wakala wa mauzo anakata asilimia 15, yaani 225,000, na 75,000 za kuitangaza kwenye masoko kama Cannes. Imebaki milioni 1.2. Benki inachukua 800,000 yake na riba, tuseme 80,000. Ninyi mliotoa milioni mnapata 320,000. Hakuna aliyeiba hata senti! Kila mtu kalipwa kwa zamu yake, na zamu yenu ilikuwa ya mwisho.

Ndiyo maana wakubwa hawawekezi kwenye filamu moja. Legendary, kampuni ya filamu ya Marekani, mwaka 2005 ilikusanya takriban dola milioni 500 za wawekezaji binafsi, ikaingia ubia na studio ya Warner Bros. kwa filamu nyingi, inayofaulu ifidie zilizoanguka. Wajerumani nao kwa miaka walimimina pesa Hollywood kupitia mifuko iliyowapunguzia kodi. Wengi walifuata nafuu ya kodi kuliko filamu yenyewe. Sheria ilipobanwa mwishoni mwa 2005, bomba likakauka.

Mtaambiwa pia kuna dhamana ya ukamilishaji. Ni kitu kizuri, benki haikopeshi kirahisi bila hiyo. Lakini inahakikisha filamu itamalizika na kukabidhiwa. Kama itapata watazamaji, hilo si lake.

Jambo la kung'ang'ania ni akaunti ya makusanyo, iliyo mikononi mwa kampuni isiyo ya mtayarishaji wala ya wakala. Wanunuzi wa kila nchi wanalipa humo, na mgawo unafuata mpangilio mliousaini kabla ya kamera kuwashwa. Mtayarishaji akisema hiyo ni gharama ya bure, pesa ipite tu kwenye akaunti ya kampuni yake, msisaini chochote siku hiyo. Mpelekeeni mwanasheria mkataba, na aanze na ukurasa wa mgawo.

Karibuni kwa maswali.