Kucheza dansi ya wawili bila kuumizana: sakafu, mikono na ruhusa

Karibuni, ndugu zangu. Leo tuko Makindye, Kampala, na kamera nimeishusha ili muone mikono na miguu, kwa sababu nyuso zetu hazina kazi kwenye somo hili. Hakuna mtindo mpya. Ninachotaka ni umwombe dansi mtu usiyemjua, iwe salsa, bachata, kizomba au rumba yetu ya Kikongo, na wimbo ukiisha umrudishe alipokuwa, bega na kifundo cha mguu vikiwa salama.

Mimi naongoza, dada huyu anafuata. Nikisema anayeongoza simaanishi mwanamume. Wapo akina dada hapa mjini wanaoongoza vizuri kuliko sisi.

Tuanze na sakafu, kabla hata ya mtu. Sugua soli ya kiatu hivi, mbele na nyuma, halafu zungusha mguu kidogo. Mmesikia huo mlio? Hiyo ni raba inang'ang'ania. Soli ikishika chini huku mwili unazunguka, kinachojipinda ni goti. Ukiwa na raba, zunguka kwa hatua ndogo tatu, usijisokote juu ya mguu mmoja. Vigae vilivyomwagikiwa bia ni kinyume chake, mguu unakwenda zake bila wewe. Mwite mhudumu apitishe kitambaa, usione haya. Na kwa wale wa harusi za bustanini, chini ya mahema, kisigino chembamba kinazama kwenye nyasi. Dada, vua viatu au baki kwenye zulia. Na wewe unayeongoza, mwenzako akiwa peku, chunga kiatu chako.

Gomesi, lile gauni la heshima la akina mama wa Uganda, nalo lina mambo yake. Inafika chini, kitambaa ni kingi, na mshipi umening'inia mbele. Ukimzungusha mama aliyevaa gomesi kama unavyomzungusha msichana wa suruali, ataikanyaga yeye au utaikanyaga wewe. Mtembeze tu, polepole, mkiangalia mbele. Tukiwa bado kwenye sherehe: wageni kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wakifika kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, hupenda kuchangamsha watu kwa kuwavuta wacheze. Kumbukeni kwamba kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Usiwasukume wawili hao kwenye dansi moja, hata kama kwenu ni jambo la kawaida.

Sasa kuomba. Njoo kwa mbele, mtu akuone. Kiganja juu, subiri. "Nnyabo, tucheze?" Nnyabo ni "bibi" kwa Kiganda, kwa heshima. Akikubali, yeye ndiye analeta mkono wake. Akikataa, "sawa, asante," unaondoka. Usiulize sababu, usimshike kiwiko, usisimame hapo hapo ukingoja wimbo ujao. Na akikukataa wewe kisha akacheza na mwingine wimbo huo huo, hilo si kesi.

Kamera isogee kwenye mikono. Hapa tutakaa kidogo, maana maumivu mengi ya begani huanzia kwenye vidole.

Tazama dole gumba langu. Likifunga juu ya mkono wake namna hii, nimemfunga pingu. Akizunguka, kifundo cha mkono hakina pa kwenda, kinavuta kiwiko, na kiwiko kinavuta bega. Sasa dole gumba nalitoa. Vidole vyangu vimekunjwa kidogo, vyake vimelala juu ya vyangu, basi. Shika kama mtu aliyepokea chapati iliyotoka kikaangoni sasa hivi, unaishika lakini uko tayari kuiachia.

Tumzungushe. Moja, mbili, mkono unapanda mpaka juu ya utosi wake, na vidole vyangu viwili vinaelekea chini kama mhimili. Kiganja chake kinazunguka juu ya vidole hivyo. Mimi sikorogi chungu hapa, naonyesha njia tu, anayezunguka ni yeye. Sasa nitafanya vibaya makusudi, polepole sana. Mkono wake unapita nyuma ya sikio, nauvuta kuelekea mgongoni. Simama hapo. Bega limeumbwa lizunguke kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na gharama yake ni kwamba kifuko chake hakina kina. Linashikiliwa zaidi na misuli na kano. Mkono ukiwa juu, umepelekwa nyuma, kisha ukavutwa kwa nguvu, hapo ndipo bega huchomoka. Kwa hiyo kiwiko cha mwenzako kibaki mbele ya mwili wake wakati wote. Ukiona kimepita nyuma, achia. Usimalizie mtindo kwa kuwa ulishauanza.

Sasa jaribio, na hili mlifanye nyumbani. Katikati ya mzunguko, bila kumwambia, nafungua vidole vyote. Umeona? Amemaliza mzunguko wake, amesimama, hajayumba. Turudie. Mwenzako akiyumba, kuna mmoja alikuwa amemwegemea mwingine, na mara nyingi si yule unayemdhani.

Dada, sasa zamu yako, maana watu wakiumizana lawama zote humwangukia anayeongoza, nami siafiki. Anayefuata anabeba uzito wake mwenyewe. Ukijining'iniza kwenye mkono wa mwenzako nyimbo kumi, usiku atalala na bega linalouma. Ukining'inia shingoni, ni mgongo. Mkono usio na kazi uweke mbele ya mbavu, usiurushe hewani kwa madoido mpaka uwe na uhakika hakuna jicho la mtu karibu. Bangili na pete kubwa, mkobani. Na misuko mirefu, ile inayofika kiunoni, ifunge. Kichwa kikizunguka kwa kasi, ncha za misuko zinapiga usoni kwa nguvu ambayo wewe mwenyewe huisikii.

Tuende kwenye nafasi. Kwenye salsa inayoanza kwenye hesabu ya moja, mimi nakwenda mbele na mguu wa kushoto, yeye anarudi nyuma na wa kulia. Maana yake hatua yake ya kwanza kabisa anaikanyaga mahali asipopaona. Kwenye kizomba, ile iliyotoka Angola, anaweza kurudi kinyumenyume karibu wimbo mzima, na wengine hufumba macho. Macho ya kuona nyuma yake ni yangu mimi. Ndiyo sababu nasema majukumu ya wawili hawa si sawa kwa sawa. Anayeongoza hana ruhusa ya kufumba macho, wala kutazama miguu yake, wala kutafuta rafiki zake kwenye meza.

Kabla sijampeleka upande wowote, natupa jicho kule. Pakiwa na watu, hatua inakuwa nusu. Jumamosi usiku Kabalagala, mtaa wa baa hapa Kampala, penye msongamano, hatua yako isizidi urefu wa kiatu chako. Mtu akija kwa kasi kutoka nyuma yake, simvuti kwa mkono. Nabana kidogo kiganja kilichoko mgongoni, chini ya bapa la bega, hivi, anasimama, kisha naugeuza mgongo wangu uchukue hilo pigo. Mkigongana, wote mwombeane radhi hata kama kosa si lenu. Ugomvi juu ya kiwiko unaharibu usiku wa ukumbi mzima.

Kukumbatiana sasa. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, huchezwa karibu karibu, na kizomba ni karibu zaidi. Umbali unaamuliwa na yule anayetaka nafasi kubwa zaidi. Basi. Dada, kama mtu anakubana, angalia mkono wake wa kushoto huyu mwenzangu. Ulikuwa nyuma ya bega langu. Anauleta mbele, kiganja kwenye bega langu, kiwiko anakikaza kidogo. Nikisukuma, siwezi kusogea bila kumwona wazi kwamba hataki. Aliyeelewa atarudi nyuma mwenyewe na dansi itaendelea. Asiyeelewa, au anayejifanya haelewi, mwachie mkono, sema "asante, inatosha," uondoke, hata wimbo ukiwa katikati. Huna deni la kuumalizia wimbo mtu. Mkono wa anayeongoza ukae kwenye bapa la bega au katikati ya mgongo. Ukianza kuteremka, huo tayari si uongozi wa dansi.

Kumlaza mwenzako nyuma juu ya mkono wako mwishoni mwa wimbo, kile wanachopenda kupiga picha, ningependa watu wengi wakiache. Lakini najua hamtakiacha. Basi: uliza kwanza, kwa maneno, hata sikioni. Mwenye maumivu ya mgongo, mjamzito, aliyekunywa, anayeanza kujifunza, wote hao hapana. Wewe pia ukiwa umekunywa, hapana. Miguu yangu iko wazi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na nashuka naye. Yeye mguu mmoja bado unabeba uzito, na shingo anaishikilia mwenyewe, hakitupi kichwa nyuma. Kumnyanyua mtu juu kwenye ukumbi wa watu sikufundishi. Hilo ni la jukwaani, kwa wawili waliofanya mazoezi pamoja.

Kitu kikiuma, sema hapo hapo: "Unaniumiza mkono." Si lazima utabasamu. Anayeambiwa hajitetei, analegeza. Lakini tofautisha hilo na kufundisha. Usimkosoe mtu hatua zake katikati ya wimbo kama hajakuomba, haya ni mapumziko yake.

Na mtu akiumia? Mtoeni pembeni. Kifundo cha mguu kikiteguka, vua kiatu, inua mguu kwenye kiti, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Barafu ya baa inatosha kabisa. Msikande, na maji ya moto msiyaguse siku hizo za mwanzo, hata shangazi akisisitiza. Asipoweza kukanyaga hata hatua nne, huyo anahitaji kupigwa picha ya mfupa hospitalini. Bega likichomoka, asitokee fundi wa kulirudisha pale ukumbini, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu inapita hapo hapo. Funga mkono kifuani kwa leso au kitenge kama ulivyo, muite dereva wa spesho, yaani teksi ya kukodi. Si boda, kila shimo la barabara atalisikia. Akiwa mgeni wako wa wimbo mmoja tu, bado subiri mpaka ndugu au rafiki yake afike.

Sasa wekeni wimbo wa polepole mfanye zoezi. Wimbo wa kwanza, anayeongoza asitumie dole gumba kabisa. Wa pili, kila mzunguko achie vidole kama nilivyoonyesha, mwenzake asijue ni lini. Wa tatu mbadilishane, na wewe uliyezoea kuongoza ukubali kurudishwa kinyumenyume huku huoni unakokwenda. Dada, usimwonee huruma. Tunaanza, tano, sita, saba...