Nilitumwa misheni Ujerumani, nikapewa beseni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na majirani zangu Waislamu mnaonifuatilia, asalaam aleikum. Leo hamnioni kwenye kile chumba changu cha Wuppertal, Ujerumani, chenye pazia la kijani. Niko nyumbani, Tanga, Makorora, barazani kwa mama. Hizo kengele mnazosikia ni za baiskeli zinazopita, na huo moshi unatoka kwa bibi wa jirani, anakaanga kachori za jioni. Jumanne naondoka, kwa hiyo hii nairekodi leo leo.

Jana baada ya ibada, mnada wa sadaka ulipokwisha, vijana wa usharika walinizunguka pale nje. Kijana mmoja, kipaimara amepata majuzi tu, akaniuliza: "Dada, huko Ulaya ulihubiri nini? Si wao ndio waliotuletea Injili?" Nikamjibu maneno mawili matatu, watu walikuwa wanakimbilia daladala. Usiku sikulala vizuri. Swali lile halikustahili jibu la kusimama, na najua wengi wenu mnalo, maana kila wiki mnaniandikia mnataka na ninyi kwenda misheni ng'ambo. Basi mdogo wangu, kama unanitazama, jibu lako hili hapa.

Sikuhubiri hata mara moja.

Mnaojua historia yangu mnajua niliondoka mwaka 2017, nina miaka 22. Dayosisi yetu ya Kilutheri ya Kaskazini Mashariki imo katika United Evangelical Mission, jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, makao yake yako Wuppertal. Tangu mwaka 1996 makanisa ya mabara hayo matatu yanakaa meza moja, na vijana wanatumwa pande zote, siyo Wazungu kuja kwetu tu. Mimi nikawa mmoja wa waliotumwa kwa mwaka mmoja. Usharika mzima uliniwekea mikono. Mama akanifunga khanga mabegani mbele ya madhabahu, akalia. Kwenye begi nilikuwa na daftari, na ndani ya daftari mahubiri manne niliyoyaandika kwa mkono, nikayapeleka kwa mwalimu mmoja wa Kijerumani anisahihishie.

Nikapangiwa nyumba ya wazee. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, nje giza na baridi, dada muuguzi akanikabidhi beseni, taulo mbili na glavu. Taulo moja ya uso, nyingine ya sehemu za chini, na ole wako uzichanganye. Maji unayapima kwa kiwiko. Kabla hujamgusa mtu unabisha hodi, unasalimia, unaomba ruhusa, hata kama anaonekana hasikii. Unaanza na uso. Sehemu usiyoiosha unaifunika, mtu asilale uchi mbele yako bila sababu. Visigino unavipaka mafuta, na asiyeweza kujigeuza unamgeuza, kila baada ya saa chache, asipate vidonda vya kulalia. Haya yote nilikuwa nayafanya kwa Kijerumani cha kuombea maji ya kunywa.

Wiki za mwanzo nililia sana. Niliona nimedhalilika: nimeombewa na kanisa zima, nimevuka bahari, nije niogeshe watu? Mama nilimwambia kwenye simu kwamba nafundisha watoto. Nilimdanganya mama yangu miezi kadhaa. Nimeshamwomba radhi, na leo nasema hadharani ili asiwepo mwingine wa kufanya hivyo.

Chumba cha mwisho kulia aliishi bibi wa miaka 91. Kila nikiingia anageuza uso ukutani. Nikajua ni ngozi yangu. Wala sitawaficha, wapo wazee walioniambia maneno mabaya kuhusu rangi yangu, na yanauma, na muuguzi mkuu alisimama akawakemea. Lakini bibi huyu hakuwa na hayo. Mwezi wangu wa tano hivi kule, Kijerumani changu kimeanza kusimama, nikamuuliza: "Bibi, nimekukosea nini?" Akasema: "Hujanikosea. Ila wewe nawe utaondoka Agosti."

Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, nyumba ile hupata kijana mpya wa kujitolea. Anajifunza jinsi bibi anavyotaka nywele zake zichanwe, anajua chai yake sukari ngapi, wanazoeana, halafu kijana anafanyiwa sherehe ya kuagwa na keki, picha zinapigwa, anakwenda zake. Bibi aliyaona hayo mara sita kabla yangu. Akaamua asizoeane na mtu tena.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa mji: waja leo, kuondoka majaaliwa. Tunausema kwa fahari, kwamba mgeni akionja Tanga hatoki. Usiku ule niliufikiria kwa namna nyingine kabisa. Nilikuwa nimekuja leo, na tarehe ya kuondoka ilikuwa imeandikwa kwenye viza.

Na nikakumbuka ukuta.

Nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Tanga. Walikuja wageni wa kanisa kutoka nje, vijana wazuri, wanacheka na kila mtu. Walikaa siku tisa. Wakapaka rangi ya buluu ukuta wa darasa letu. Ukuta ule wazazi wetu walikuwa wameupaka chokaa muhula uliotangulia, kwa mchango wao wenyewe. Baba yangu alitoa siku nzima ya kazi. Hakuna aliyewaambia wageni. Nilipewa brashi, nikapigwa picha nikiwa nimeishika, na hadi leo sijui picha ile iko kwa nani. Dada mmoja katika wale alinizoea, alinisuka, aliniahidi barua. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu kuulizia barua mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi.

Simsemi kwa ubaya dada yule. Naamini alinipenda zile siku tisa. Nawaambia tu jinsi ilivyo upande wa anayebaki.

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wangu, kwamba Wazungu ndio walituletea Injili. Ndiyo. Misheni ya Kilutheri ilianza hapa Tanga mwaka 1890, na mwaka 1891 wamisionari Wohlrab na Johanssen wakapanda milima ya Usambara mpaka Mlalo. Lakini usisahau kwamba Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, pale Pangani, safari fupi kutoka tunapokaa. Bunduki ilitangulia, Injili ikafuata njia hiyo hiyo. Mkristo wa Tanga lazima ayabebe yote mawili, na mimi Ujerumani nikiulizwa na vijana wa kanisani nawaeleza yote mawili.

Hata hivyo kuna Lutindi. Wa Korogwe mnaijua. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na waliohudumu pale mwanzoni walikuwa mashemasi kutoka Bethel, mji wa wagonjwa ulioko Bielefeld, ulioanza mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mjomba wangu, kaka yake mama, alilazwa Lutindi. Nyumbani tulisema amerogwa. Kuna ndugu walitaka afungwe kamba. Kule alikuta watu wanaomwita kwa jina lake, wanakwenda naye shambani asubuhi, wanarudi naye. Wahudumu wa wakati wake walikuwa Wasambaa na Wabondei, watu wetu wenyewe, wala hakukuwa na mahubiri marefu. Mjomba alirudi nyumbani akaoa. Mimi nimekua nikila embe za shamba lake, lakini sikuwahi kujiuliza nani alimwogesha siku zile hawezi kujiogesha. Nilipoyaunganisha hayo, nilichukua lile daftari la mahubiri nikaliweka chini kabisa ya sanduku. Lipo mpaka leo.

Bibi wa chumba cha mwisho alifariki Januari, usiku, zamu yangu. Muuguzi alipothibitisha, alikwenda akafungua dirisha wazi kabisa, na nje theluji. Ni desturi yao, roho ipate njia. Tukamwosha sisi wawili, kwa utaratibu ule ule: tukabisha, tukamsalimia, tukaanza na uso. Nilimwimbia polepole kwa Kiswahili. Mtoto wake alikuwa mbali, alifika kesho yake jioni. Mpaka saa hizo hakuja mtu. Fikirieni, sisi huku mtu hajazikwa turubai limefungwa, mtaa mzima umekaa, sufuria ziko jikoni. Kule korido ilikuwa kimya, taa zinawaka, na mimi nimekaa kitini.

Nikampigia mama. Ndipo nilipomwambia ukweli wote, kazi yangu ni nini na nani amekufa. Mama alinyamaza, akasema, "Mwanangu, basi tumefiwa." Akatoka akawaambia majirani. Alasiri ile bibi wa hapa jirani, huyu wa kachori, na wenzake watatu wakaja wakakaa kwenye baraza hii hii, wakampa mama pole ya msiba. Msiba wa bibi wa Kijerumani ambaye jina lake hawawezi kulitamka. Wakamwombea, kila mmoja kwa dini yake. Nilipowasimulia wenzangu kazini, yule muuguzi mkuu alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Agosti ilipofika sikuondoka. Niliomba nafasi ya kusomea uuguzi, miaka mitatu, na nikarudi nyumba ile ile. Ndiyo maana mimi niko ughaibuni. Wanaosema nilitoroka misheni sasa mmesikia.

Niwape na jambo la aibu yangu, maana sitaki mdhani nilikwisha kuelewa. Miaka michache baadaye nilikwenda na kikundi cha vijana wa kanisa Sumatra, Indonesia, kwa wiki mbili, upande wa Ziwa Toba. Kule wako Wabatak, kanisa lao la HKBP lilianza mwaka 1861, na jamani watu wale wanaimba! Kanisa zima sauti nne, bila kwaya kupangwa, hadi mtoto anajua sauti yake. Wanasalimiana "Horas". Siku ya kupokewa walitufunika ulos mabegani, kitambaa chao cha kufumwa, na nikamwona mama yangu na ile khanga ya madhabahuni.

Siku ya nne nikamwona mtoto amekaa mlangoni anakula wali, jua limempiga usoni vizuri. Nikatoa simu nikapiga. Mama yake akatoka, akaweka mkono mbele ya uso wa mtoto, akamwuliza mkalimani kitu. Mkalimani akaniambia: "Anauliza, picha hiyo inakwenda wapi?"

Ilikuwa inakuja kwenu, kwenye chaneli hii. Ilikuwa tayari nimeshaitungia maneno. Niliifuta mbele yake, nikapiga magoti nikamwomba msamaha, jinsi tunavyomwomba mtu mzima huku kwetu. Akaniinua, akanipa wali. Lakini siku zote zilizobaki niliona ule ukuta wa buluu, na safari hii brashi nimeishika upande wa pili.

Kwa hiyo ninyi mnaouliza jinsi ya kwenda: barua yako inaanzia kwa mchungaji wako na ofisi ya dayosisi. Mimi sikumlipa dalali hata shilingi, na anayekuomba hela ya "nafasi ya misheni Ulaya" mkimbie. Utapewa hela ya matumizi, siyo mshahara wa kujengea nyumba, mwambie mama hilo mapema. Jifunze lugha hadi uweze kuuliza "nimekukosea nini" na kuelewa jibu. Na siku ya kwanza, ukimsalimia yule utakayemhudumia, mwambie tarehe utakayoondoka. Mwambie wazi. Ana haki ya kuamua akupende kiasi gani. Mimi vijana wapya wakija pale kazini ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha, hata kabla ya beseni.

Adhana ya magharibi hiyo. Bibi wa jirani anakuja na sahani... Karibu bibi, karibu, narekodi. Eeh, wanakuona. Anasema niwaambie kachori zipo. Anauliza... subiri, sema tena, bibi. Anauliza yule mzee wangu wa redio, yule niliyemwambia hawezi kulala bila kusikia taarifa ya habari, hajambo?

Hajambo, bibi. Nilimpigia asubuhi. Anajua narudi Jumanne.