Kifafa, korona na vidonge vya miezi mitatu

Wazee wetu, akina mama mliokuja na watoto, asanteni kwa kufika.

Mwaka 2020 mama mmoja wa hapa Kisumu alinifungulia karatasi ya daftari. Ndani mlikuwa na karbamazepini, dawa ya kifafa, za mwanawe, kila kidonge kimekatwa nusu kwa wembe. Kijana alitakiwa ameze kizima asubuhi na kizima jioni. Nauli ilikuwa imepanda kwa kuwa matatu zilibeba abiria wachache, kafyu ilianza saa moja jioni, na hospitali yenyewe watu waliiogopa. Mama akapiga hesabu: nusu ni afadhali kuliko kukosa. Kwa unga, hesabu hiyo ni sawa. Kwa kifafa ni hatari, maana dawa ikipungua ghafla mwilini, mtu huanguka mfululizo. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, au akishikwa tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali, kafyu au si kafyu.

Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma. Juni 2021, kaunti 13 za kanda hii, Kisumu ikiwemo, zikabanwa tena na kafyu ya saa moja. Lakini wenzetu wengi wa ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, walikuwa wanapewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Wa kifafa alirudi foleni kila mwezi, na bado anarudi! Fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, inadhibitiwa zaidi, nakubali. Hizo nyingine, kwa mtu aliyetulia, ni mazoea yetu tu sisi wa kliniki. Kwa hiyo ulizeni: "Daktari, naweza kupewa za miezi mitatu?" Mkinyimwa, ulizeni kwa nini.

Chanjo ya korona? Kifafa peke yake hakiizuii. Homa ndiyo huchokoza kifafa, iwe ya korona au ya malaria yetu ya huku ziwani.

Kukosa usingizi pia. Vijana wa Dunga wanaovua omena usiku kucha, mnanisikia? Kuanguka ukiwa ndani ya mtumbwi sina haja ya kuwaeleza. Nilimshauri mmoja abaki ufuoni, aanike na kuuza. Alinikasirikia, na namwelewa, kwa sababu pesa iko majini.

La mwisho ni la wenye kifafa na virusi vya UKIMWI pamoja, nao si wachache hapa. Karbamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV. Ukitumia zote mbili, dolutegravir ya miligramu 50 humezwa mara mbili kwa siku badala ya moja, au daktari akubadilishie dawa ya kifafa. Usijipangie mwenyewe. Beba vitabu vyote viwili vya kliniki, hata kama kimoja unakificha, ili wa huku aone unachopewa kule.

Haya, maswali. Naona mkono pale dirishani, karibu, mama.