Sekunde za Kabla ya 1970: Kurekebisha Tarehe Ndani ya Injini ya Hifadhidata

Habari zenu, na asanteni kwa kubaki hadi kipindi hiki cha mwisho. Kabla sijaanza tukubaliane jambo moja: leo saa nitazitaja kama kompyuta inavyoziandika. Nikisema 02:30, ni saa nane na nusu usiku. Vinginevyo tutapotezana sisi wenyewe, halafu tuje tuilaumu mashine.

Naandika namba moja ubaoni: −3600.

Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, 00:00:00, kwa saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia nzima. Kwa hiyo −3600 ni saa moja kabla ya hapo, yaani 31 Desemba 1969, 23:00. Injini ya hifadhidata niliyokuwa nikiitunza, yaani programu inayohifadhi data na kuitafuta, ilijibu hivi: 1 Januari 1970, saa −1. Ndiyo, hasi moja. Kisha kipande kingine cha msimbo, ambacho kazi yake ni kuchapa saa tu, kikaona alama ya hasi hakiijui, kikaiacha. Mtumiaji akasoma 1 Januari 1970, 01:00. Saa mbili mbele ya ukweli, siku nyingine, mwaka mwingine.

Kosa lilikuwa kwenye kugawanya. Siku ina sekunde 86,400. Unagawanya kwa 86,400 upate namba ya siku, na baki linakupa saa ndani ya siku hiyo. Katika lugha ya C, na katika nyingine nyingi zilizoifuata, kugawanya namba kamili hukata kuelekea sifuri, yaani sehemu ya desimali hudondoshwa tu. Basi −3600 inatoa jibu 0, baki −3600. Kalenda haitaki hivyo. Kalenda inataka jibu lishuke kila mara: −1, baki 82,800, ambayo ni 23:00 barabara.

Mtaniuliza majaribio yalikuwa wapi. Yalikuwepo, na yote yalipita, kwa sababu aliyeyaandika, ambaye ni mimi, alijaza tarehe za kabla ya 1970 zote zikiwa na saa 00:00:00. Nilijiambia hizi ni tarehe za kuzaliwa, saa ya nini? Na −86,400 hugawanyika bila baki, jibu −1, sahihi kabisa. Kosa lilijificha mahali pekee ambapo sikutazama.

Marekebisho ya kwanza nitawaonyesha pia, maana yananifundisha hadi leo kuliko kosa lenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika: namba ikiwa hasi, punguza siku moja kwenye jibu. −3600 ikapona, 0 ikawa −1, kazi ikafungwa. Na −86,400 je? Jibu lilikuwa −1, lilikuwa sahihi, sasa likawa −2. Tarehe 31 Desemba ikasomeka 30 Desemba, na kila tarehe ya kuzaliwa ya kabla ya 1970 ikarudi nyuma siku moja. Aliruka majivu akakanyaga moto.

Cha kutazama ni baki. Baki likiwa hasi, punguza moja kwenye jibu na uongeze 86,400 kwenye baki. Lisipokuwa hasi, usiguse kitu. Mistari miwili. Niliiandika, nikaijaribu kwa sekunde za kila namna, nikaituma, nikaenda kulala.

Hapo sasa ndipo nilipoharibu mimi.

Injini yetu hupanga rekodi kwenye mafungu ya siku, ili anayeuliza rekodi za 31 Desemba 1969 asilazimike kupekua jedwali zima. Fungu huchaguliwa kwa namba ya siku, kwa kugawanya kulekule. Rekodi ya −3600 iliandikwa zamani kwa kanuni mbovu, kwa hiyo imelala kwenye fungu la siku 0. Baada ya mistari yangu miwili, anayeitafuta anapelekwa fungu la siku −1. Hamna kitu. Anayeuliza za 1 Januari 1970 anafunguliwa fungu la siku 0, injini inaikuta rekodi, inaisoma saa yake kwa kanuni mpya, inaona hii ni ya 31 Desemba, inairuka. Rekodi ipo diskini, nzima, haina hata mkwaruzo, na hakuna swali la tarehe linaloweza kuifikia. Ukiomba jedwali lote bila sharti, inatokea. Ukiweka sharti la siku, inatoweka.

Kabla ya marekebisho tulikuwa na jibu baya ambalo angalau lilikuwa moja: ukiitafuta kwenye ile tarehe mbovu, uliikuta. Baada yake tukawa na majibu mawili yanayokanushana. Mimi ningechagua lile la kwanza, maana tarehe mbovu kwenye kioo mtu huiona akapiga simu. Rekodi isiyotokea haimsumbui mtu, hadi siku anapoihitaji.

Tulipona hivi. Mwanzoni mwa kila faili kuna namba ya toleo la umbizo, tukaipandisha. Injini ikifungua faili la toleo la zamani, inapitia mafungu ya siku 0 kurudi nyuma na kuzihamisha rekodi zilizolala pasipo pake. Mafungu ya siku 1 kuja mbele hayaguswi, kosa halikuwahi kufika huko, na kwa wateja wetu wengi kuhamisha kulikwisha kabla hawajajua kumeanza. Mpaka kuhamisha kukamilike, maswali yanaendelea kutumia kanuni ya zamani. Kwa hiyo ile kanuni mbovu bado imo kwenye msimbo. Tumeipa jina baya kwa makusudi ili mgeni asiitumie, lakini hatuwezi kuifuta: bila hiyo hujui rekodi ya zamani imewekwa wapi.

Ndiyo maana siku hizi nikimsikia mtu anasema tatizo la 2038 ni la kubadilisha hesabu ya sekunde kutoka biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, kuwa 64, namuuliza: kwenye kumbukumbu ya kompyuta au kwenye diski? Sekunde zinazohesabiwa kwa biti 32 zenye alama ya hasi au chanya hufika kikomo 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC. TIMESTAMP, aina ya data ya wakati katika hifadhidata ya MySQL, inaishia hapohapo. Kupanua kigezo ndani ya msimbo ni kazi ya asubuhi moja. Baiti nne, yaani zile biti 32, zilizokwisha kuandikwa kwenye mamilioni ya rekodi hazipanuki kwa sababu wewe umebadilisha msimbo.

PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ina ukali mmoja ambao zamani uliniudhi. Ukitaka kuweka faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, juu ya maandishi yanayogeuzwa kuwa wakati wenye saa za eneo, inakataa. Sababu yake: jibu la kugeuza linategemea saa za eneo zilizowekwa na aliyeunganishwa wakati huo. Leo faharasa ingepangwa kwa saa za London, kesho mwingine aitafute kwa saa za Tokyo. Nilidhani ni ukaidi wa wahandisi wake. Baada ya kuikosa rekodi yangu ya −3600 nikawaelewa.

Na saa za maeneo zina ubaya wa ziada, maana kanuni ya kugeuza inabadilika bila wewe kugusa mstari hata mmoja. Serikali ndizo zinazoiandika. Mnajua yale ya kila mwaka ya nchi zinazosogeza saa mbele kisha kuzirudisha: New York, 10 Machi 2024, saa zilirukishwa kutoka 02:00 hadi 03:00, kwa hiyo 02:30 ya siku hiyo haikuwepo, 3 Novemba zikarudishwa, 01:30 ikapita mara mbili. PostgreSQL ukiipa ile 02:30 isiyokuwepo inakurudishia 03:30 bila kusema neno. Binafsi ningependa inikemee, lakini hilo tuliache, kila injini ina uamuzi wake na umeandikwa kwenye nyaraka zake.

Linalonikosesha raha ni Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mwishoni mwa 2011 nchi hiyo ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule ambao ukiuvuka kalenda hubadilika siku moja, na 30 Desemba 2011 haikuwepo kabisa: watu walilala tarehe 29 wakaamka tarehe 31. Saa zao zikatoka UTC−10 zikawa UTC+14. Sasa chukueni mtu aliyeweka miadi mapema, kabla kanuni haijabadilika, ya 3 Januari 2012, 10:00, mjini Apia. Injini ikageuza kwa UTC−10, ikahifadhi 3 Januari, 20:00 UTC. Kanuni mpya zikaingizwa kwenye seva. Isomeni tena: 20:00 jumlisha 14, ni 4 Januari, 10:00. Miadi imesogea siku nzima, na hakuna aliyekosea hesabu.

Naona mkono pale nyuma. Tafadhali.

Anauliza: si tumefundishwa kuhifadhi UTC daima? Kwa jambo lililokwisha kutokea, ndiyo, fanya hivyo. Malipo yaliyopita, mlango uliofunguliwa, hizo ni nukta za wakati na hazisogei. Miadi ni kitu kingine. Mtu aliahidi 10:00 ya Apia, hakuahidi sekunde fulani tangu 1970. Hifadhi 10:00, hifadhi tarehe, hifadhi jina la eneo, na ugeuze unaposoma.

Ndiyo, endelea. Na faharasa je? Swali zuri, na ni lilelile la −3600. Ukitaka miadi ipangike kwa mfuatano inabidi uigeuze mapema, na ukishaigeuza mapema umeifunga kwenye kanuni za siku ile. Data ya saa za maeneo hutolewa kwa matoleo yenye majina kama 2024a na 2024b. Sisi tumeanza kuandika mwanzoni mwa kila faili ni toleo gani lilitumika kuijenga faharasa, ili likibadilika injini ijue cha kupanga upya. Tunaliandika tayari. Msimbo wa kulisoma bado hatujaumaliza.