Kawai Masahiro na Kazi ya Kusindikiza

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: mchezaji wa besiboli ninayemheshimu kuliko wote ni Kawai Masahiro, shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, wa klabu ya Yomiuri Giants ya Japani. Klabu hiyohiyo ndiyo ya Oh Sadaharu, mwenye homurani 868, yaani mapigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja. Kawai, aliyecheza ligi kuu ya Japani kati ya 1984 na 2006, alipiga 43 tu. Wastani wake wa kupiga ni .266, yaani kama mapigo 27 yaliyofaulu katika kila majaribio 100. Watu wakisikia hivyo huniuliza: huyo naye wa kumfanyia mhadhara?

Ndiyo, huyohuyo. Namba yake ni 533.

Hizo ni banti za kujitoa: unaugusa mpira taratibu kwa gongo bila kulizungusha, ukijitoa ili mwenzako asogee. Duniani hakuna aliyemfikia. Wajapani huiita okuri banto, na hiyo okuri kwetu ni kusindikiza. Mwenzako yuko besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vile anavyopitia mkimbiaji ili kupata pointi. Wewe unakubali kutolewa ili yeye afike ya pili. Umemsindikiza, kisha unarudi benchi.

Msiseme ni rahisi. Mpira unakuja kwa kilomita 140 kwa saa. Mkono wa juu unapanda hadi katikati ya gongo, vidole vinajificha nyuma yake visipondwe. Magoti yanakunjwa, macho yanashuka yalingane na gongo. Hapo hupigi. Unaupokea mpira, unaulegezea gongo kidogo ili ufe mbele yako na ubingirike taratibu kuelekea upande wa besi ya kwanza. Ukiuinua juu umedakwa, na mwenzako huenda akanaswa pia. Ukiutoa nje ya mstari ukiwa tayari na straiki mbili, yaani makosa mawili kati ya matatu ya mpigaji, umetoka. Na uwanja mzima unajua unachotaka kufanya! Walinzi wanakukimbilia kabla hata mpira haujafika.

Najua mwenye hesabu zake atasimama aseme: ukitoa auti moja, yaani mchezaji mmoja kutolewa, ili upate besi moja, kwa wastani timu hupata pointi chache zaidi. Ni kweli, sibishani naye. Lakini wastani huo unawachanganya wapigaji wote na nyakati zote. Mpigaji asiye na nguvu akipiga mpira wa chini, mnaweza kupoteza watu wawili kwa mkupuo. Na mkiwa sare mwishoni mwa mchezo hamtafuti pointi tano. Mnatafuta moja.

Tena kuna jambo linaloniuma. Banti iliyofaulu haiingii kwenye wastani wa kupiga. Haipandishi wala haishushi. Mara 533 ni kama msimu mzima wa mpigaji wa kudumu, na wote umeandikwa kwenye safu ya pembeni ambayo msomaji haiangalii. Mwaka 1991 pekee alisindikiza mara 66. Mtu huyohuyo mwaka 1994 alipiga .302! Kwa hiyo msiniambie alibanti kwa kuwa hakujua kupiga. Alibanti kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, na aliifanya kuliko mtu yeyote.

Muda unakimbia na ulinzi wake sijaugusa. Niseme tu kwamba shuleni, kule Okayama, alikuwa mrushaji, kisha akageuzwa kuwa shotistopu na akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara sita. Hilo peke yake ni mhadhara mwingine.

Nimalizie na mwaka 2003. Agosti, ndani ya Tokyo Dome, uwanja wa Giants, akaipita rekodi ya banti za kujitoa ya Mmarekani Eddie Collins iliyodumu tangu 1930. Msimu huo alitangaza kustaafu ili awe kocha hapohapo Giants. Hara, meneja wa Giants, akaondoka, mpango ukavunjika, naye Kawai akafuta kustaafu kwake. Akaenda klabu nyingine, Chunichi Dragons, kufanyiwa majaribio, mtu wa miaka 39, mwenye rekodi ya dunia. Wakamchukua. Chunichi wakawa mabingwa wa Ligi ya Kati, moja ya ligi mbili za juu za Japani, mwaka 2004, wakarudia 2006, na hapo ndipo alipotundika glavu.