Mchezo Mkongwe, Fedha Mpya: Hesabu ya Bondi

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, kwa hiyo historia ya RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa watu wengi kwa pamoja, naiacha, mnaijua. Nianzie Novemba 2012, waundaji wake, Jagex wa Cambridge, walipobadilisha mfumo mzima wa mapigano na wachezaji wakaanza kuondoka. Februari 2013 wakapigisha kura: mchezo wa zamani urudishwe? Kura zikakaribia 450,000, na tarehe 22 mwezi huohuo seva za Old School, yaani toleo hilo la zamani, zikafunguliwa. Iliwezekana kwa sababu nakala rudufu ya Agosti 2007 ilikuwa imehifadhiwa. Ninyi wenye studio, nakala zenu ziko wapi? Haya, tuendelee.

Nasikia mtu anaguna kwamba hayo ni mapenzi ya utotoni tu. Wote walianza upya, bila hata sarafu moja ya zamani! Mapenzi ya utotoni hayamfanyi mtu akate magogo ya mchezoni miaka kumi na kitu.

Kinacholipa ni bondi, yaani hati ya uanachama wa kulipia ambayo wachezaji wanaweza kuuziana, iliyoingia Old School mwaka 2015. Juma ana fedha lakini hana muda: ananunua bondi kwa kampuni, anaiuza sokoni mle mchezoni, anapata dhahabu. Asha ana muda lakini hana fedha: anainunua kwa dhahabu aliyoichuma na kupata siku 14 za uanachama. Asha hajatoa hata senti, ila uanachama wake umelipiwa, tena kwa bei inayozidi ada ya kawaida ya wiki mbili. Akitaka kuiuza tena, lazima kwanza alipe asilimia 10 ya bei yake kwa dhahabu, ili walanguzi wasiichezee.

Mtaniambia huko ni kununua ushindi. Kwa kiasi, ndiyo: silaha zinanunulika, na ujuzi kama ujenzi huharakishwa kwa dhahabu. Lakini bondi haizalishi dhahabu hata chembe. Inaihamisha tu kutoka kwa Asha kwenda kwa Juma. Dhahabu mpya hutoka kwa madude yanayouawa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Dhahabu hiyo ikikosa pa kutokea, bei ya bondi inapanda, Asha anachuma saa nyingi zaidi kwa siku zilezile 14, mwishowe anachoka na kuondoka. Ndiyo maana Desemba 2021 mauzo ya sokoni yaliwekewa kodi ya asilimia 1, baadaye 2, na sehemu ya makusanyo hununua bidhaa zilizozagaa ili zifutwe kabisa.

Kuhusu boti, yaani programu zinazocheza badala ya mtu, na magendo ya dhahabu, yaani kuiuza kwa fedha halisi nje ya mchezo: mwanzoni mwa 2008 kampuni ilibana biashara huria baina ya wachezaji, waaminifu wakaumia, ikairudisha Februari 2011. Bondi nayo haijayaua magendo. Imewanyang'anya wauza magendo wateja tu.

Naona kikaratasi cha muda. Haraka basi: mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji, zamani yalipita kwa asilimia 75, sasa 70. Simu zikaingia Oktoba 2018, akaunti ileile. Seva hupiga hatua, yaani hutekeleza amri za wachezaji, kila sekunde 0.6, kwa hiyo hata mtandao wa kusuasua unavumilika. Msije mkaifupisha hatua hiyo mkidhani mnaboresha: wakongwe hubadilisha sala ya kinga, uwezo wa mchezoni wa kuzuia mapigo, kwa kuhesabu hatua hizo, na ukizigusa, ustadi wao wote unapotea usiku mmoja.