Kusafisha brashi ya hewa mpaka ndani ya nozeli

Karibuni watazamaji. Leo tunaifungua brashi ya hewa, kifaa kidogo cha kupulizia rangi, tunaisafisha na kuirudishia. Hii niliyoshika ina kikombe juu na triga ya kazi mbili: ukiibonyeza inatoa hewa, ukiivuta nyuma inaachia rangi. Kama yako inanyonya rangi kutoka kwenye chupa iliyo chini, usiondoke, maana sindano ya ndani na nozeli, yaani kimdomo cha mbele kinachotoa rangi, ni zilezile.

Fungua madirisha kwanza. Ukitumia thina, vaa glavu na barakoa inayochuja mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa haikukingi.

Anza kazi rangi ikiwa bado mbichi. Akriliki ikishakauka, maji hayaitoi tena, na hapo ndipo watu huanza kukwangua na kuharibu. Mwaga rangi iliyobaki, futa kikombe kwa tishu, kisha weka maji kama ulitumia akriliki ya maji, au thina yake kama ni rangi ya mafuta. Puliza kwenye kitambaa mpaka kinachotoka kiwe hakina rangi.

Sasa ziba mdomo wa mbele kwa kitambaa kilichokunjwa, bonyeza hewa, vuta triga kidogo tu. Mnaona mapovu kikombeni? Hewa inarudi nyuma na kusukuma mabaki yaliyojificha ndani. Mwaga, rudia. Ukiwa unabadilisha rangi tu, ishia hapa. Kufungua kila kitu kila mara kunachosha nyuzi za skrubu bure.

Kazi ya siku ikiisha, tunafungua. Zima kompresa na utoe hewa iliyobaki. Toa mpini wa nyuma, legeza nati inayoshika sindano, vuta sindano nyuma polepole. Ikigoma usiilazimishe: weka thina kikombeni, subiri kidogo, ujaribu tena.

Nasogeza kamera. Tazameni karibu na ncha, kuna kipete chembamba cha rangi iliyoganda. Hapo ndipo sindano inapokaa ndani ya nozeli, na kipete hicho kinatosha kufanya rangi itoke kwa kukatakata. Lowesha tishu, ibane sindano katikati yake, futa kutoka upande mnene kuelekea ncha huku ukiizungusha. Usifute kurudi nyuma, utajichoma na utaikunja ncha. Halafu ipitishe taratibu juu ya ukucha. Ikikwaruza, ncha imepinda, na mstari mwembamba hutaupata tena mpaka uinyooshe au ubadilishe sindano.

Nozeli ndiyo inayotaka mkono mwepesi kuliko vyote. Tundu la hii ni milimita 0.3, na ukuta wake ni mwembamba mno. Ondoa vifuniko vyake vya mbele, itoe kwa spana yake ndogo, iache ndani ya kifuniko chenye thina kwa dakika chache, kisha isafishe kwa kibrashi chake laini. Tafadhali, pini hapana! Pini inatanua mdomo, na rangi itakuwa inakwenda upande. Ukiirudisha, zungusha kwa vidole mpaka ifike, halafu spana iguse tu. Ukikaza kwa nguvu nyuzi zinakatika ndani, na kuzitoa ni taabu kubwa.

Usizamishe brashi nzima kwenye thina. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, zinavimba, na grisi ya vali inayeyuka. Dawa ya vioo yenye amonia nayo iache, inashambulia shaba.

Weka tone dogo la mafuta ya brashi ya hewa kwenye shina la triga na katikati ya sindano, mbali na ncha. Usitumie mafuta yenye silikoni. Yakigusa rangi, inaacha vitobo juu ya kazi.

Rudisha nozeli, vifuniko vyake, kisha ingiza sindano mpaka iguse, bila kuisukuma, ukaze nati. Washa kompresa, shinikizo la hewa la psi 20 linatosha, weka maji upulize. Mapovu yakitokea kikombeni bila wewe kuziba mdomo, nozeli haijakaa vizuri: ifungue, ipake nta ya nyuki kidogo sana kwenye nyuzi, uirudishe. Maji yakitoka ukiwa umebonyeza hewa tu, sindano haijafika: legeza nati, isogeze mbele kidogo, kaza tena, upulize mara ya pili.